Ndara Zenye Chapa ya Gedi

Wacha nianze na aibu, ndiyo mkiisikia mahali pengine msiseme mzee alificha. Mimi, Dakane, yule mnaambiwa alikuwa anaona alama ya mguu mpaka juu ya jiwe, niliwahi kufuata nyayo zangu mwenyewe masaa matatu. Nyuma yangu askari tisa na bunduki, juu yangu jua, na mbele yangu hakuna mtu. Mtu alikuwa ni mimi. Na sikuishia hapo. Hizo nyayo zangu nikampa mtu mwingine, kijana wa rafiki yangu, na wakambeba.

Hiyo ya kwanza chekeni. Mimi mwenyewe nacheka. Hiyo ya pili bado natafuta mahali pa kucheka sijapata.

Nyinyi vijana mlioandikwa polisi wa akiba mlikuja hapa kwangu Garissa juzi, mkamaliza maziwa yote ya chai, mkaniuliza kazi ya kusoma nyayo ikoje. Nikasema nitawaandikia. Sababu nikisema kwa mdomo naongeza chumvi, na kabla mtu hajamaliza kikombe mimi nishakuwa shujaa. Kwa kalamu naogopa kidogo. Shule niliachia darasa la sita. Mwalimu alitaka nirudie la tano, nikaona heri nirudi kwa ngamia, wao hawaulizi hesabu. Kwa hivyo mkikuta neno limelala, liamsheni muendelee.

Kazi hii nilifundishwa na eeddo wangu, dada ya baba, Eeddo Habiba. Mama mfupi, mkali, jino moja la mbele hakuna, na fimbo yake ilikuwa inajua mgongo wangu kuliko mgongo wa ngamia. Kila asubuhi ananipeleka mahali mifugo imepita, anasimama, anauliza, "Warya wewe, unaona nini?"

Mimi najibu haraka nionekane na akili. "Naona ngamia wa Abdi."

Fimbo. "Abdi yuko wapi hapa? Mimi naona mguu. Mguu wa mbele wa kushoto unavuta mchanga. Sema hiyo."

Kesho tena. "Unaona nini?" "Mguu wa kushoto unavuta, eeddo." "Na wa nani?" "Wa ngamia wa Abdi." Fimbo tena.

Nilikuwa nadhani ananichukia. Ngamia ni wa Abdi kweli, kijiji kizima kinajua, kwa nini nisiseme? Alikuwa ananiambia jina halimo kwenye mchanga. Kwenye mchanga kuna uzito, kuna uchovu, kuna haraka, kuna kidonda. Jina unaliweka wewe kutoka kichwani mwako. Nilielewa hiyo maneno nikiwa na miaka hamsini na kitu, na eeddo alikuwa kaburini, hakuna hata wa kunipiga.

Vitu vingine nilishika vizuri. Andikeni hii. Nyayo usiangalie ukiwa umeligeuzia jua mgongo. Kaa hivi, nyayo iwe katikati yako na jua, ndiyo kivuli kinajaa ndani ya shimo unaona ukingo wake. Asubuhi ni nzuri, alasiri ni nzuri. Saa sita za mchana weka chini kichwa ulale, kwa sababu jua likiwa juu ya utosi nyayo zote zinakuwa bapa kama anjera na unaanza kuona unachotaka. Umri wa nyayo waulize wadudu, mende anatembea usiku. Kama njia ya mende imepita juu ya alama, mtu alipita kabla mende hajalala. Kama mtu amekanyaga njia ya mende, amepita asubuhi. Mtu aliyebeba kitu, kisigino kinazama. Mtu aliyechoka, kidole kinachora mstari. Mtu anayekimbia hana kisigino. Na mwanamke aliyebeba maziwa anatembea kama anakanyaga mayai, huyo hata usimfuate, atakupeleka kwa mume wake na utaeleza nini.

Polisi walinichukua kwa sababu ya mbuzi. Wao wenyewe waliibiwa mbuzi wa sikukuu, nikamfuata mpaka kwenye sufuria. Inspekta akasema mtu kama huyu tumuweke karibu. Huyo alikuwa Inspekta Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mpenda chai, na mpenda kunichokoza. Nikisema "bolisi" kwa ulimi wetu wa Kisomali, yeye anaangalia huku na huku. "Dakane, hiyo bolisi yako iko wapi, mimi naona polisi tu." Namjibu, "Ile iliyoibiwa mbuzi ndiyo bolisi." Tulikuwa tunapendana hivyo.

Wakanipa buti. Namba kumi, na mimi navaa saba. Nikajaza magazeti mbele. Kwa hivyo mimi nasoma nyayo, buti zinasoma habari. Lakini nilijisikia mkubwa, wallahi. Nikitoka nyumbani kwa kazi navaa buti, nikiwa na mambo yangu navaa ndara. Kumbukeni hiyo, itakuja kuniua mbele.

Wakati huo tuko Wajir Kusini, kituo kidogo cha biashara upande wa Diff, mahali mpaka ni kichaka tu na ngamia hawaujui. Wale watu wa msituni walikuwa wameanza kutega mabomu barabarani, wanasema ni jihadi. Mimi sikusoma sana dini, lakini nilijua gari likilipuka wiki hii, wiki ijayo mwalimu wa kutoka bara anafunga sanduku, na baada ya hapo muuguzi, na baada ya hapo lori la unga halifiki. Tuliobaki ni sisi na mbuzi, na polisi wanatuangalia kama sisi ndiyo tuliwapikia chakula wale. Na wale nao wanatuangalia kama sisi ndiyo macho ya polisi. Mtu anauza sukari tu na pande mbili zote zinamtaka.

Sasa Gedi. Gedi ni rafiki yangu tangu utotoni, tulitahiriwa wiki moja, na yeye ndiye alilia, aseme asiseme. Alikuwa na kijana anaitwa Siyad, miaka ishirini na moja, amemaliza kidato cha nne, na ndiye alikuwa anaendesha mashine ya kisima cha bore. Huyo kijana alikuwa anasikiliza injini kama daktari. Anaweka sikio, anafunga macho, anasema, "Adeer, hapa ndani kuna nati moja inalalamika." Na kweli. Mashine ikizima kituo kizima kinamtafuta Siyad. Mimi aliniita adeer kama baba yake mdogo, na nikifika bore lazima anitolee kikombe.

Msikiti wetu ulikuwa na shida moja, ndara. Duka lilikuwa moja, na mwenye duka alileta ndara aina moja, saizi moja, za buluu, kwa kila mwanamume wa kituo. Swala ya Ijumaa ikiisha pale mlangoni ni vita. Mtu anaenda nyumbani na ya kushoto mbili. Siyad alipoteza zake mara nne, basi Gedi akachoka. Akachukua chuma kidogo cha kutia ngamia alama, akakiweka motoni, akapiga chapa ya ngamia wake chini ya kisigino cha ndara za kijana. Duara na mikia miwili. Gedi mwenyewe anavaa akala za tairi, hazina shida hiyo.

Nilimcheka mpaka nikakaa chini. "Gedi, zikipotea utazitangaza kisimani kama ngamia?"

"Wewe cheka," akasema. "Zako hazina alama. Utazijuaje?"

"Mimi? Nani ataiba ndara za Dakane? Nitamfuata mpaka Hadado."

Basi Ijumaa moja nikatoka msikitini nikiongea, kama kawaida yangu, nikaingiza miguu kwenye ndara za buluu nikaenda. Mimi ninayesoma miguu ya watu wote sikuangalia yangu. Jioni mke wangu Halima akaniuliza, "Hizi ndara ni za nani, mbona mpya?" Nikamwambia miguu yangu inazitunza.

Jumamosi alfajiri nikakuta ngamia wangu jike hayupo. Nikachukua kibuyu cha plastiki cha maji, lita tano, nikatoka kumtafuta na hizo ndara. Nilizunguka sana. Mwiba ukaniingia kisigino cha kushoto, nikachechemea, nikafika barabarani nikakaa kando. Nikaweka maji chini, nikatoa kisu, nikatoa mwiba. Halafu nikachimba kidogo nikauzika. Nyumbani kwetu ndivyo tunafunzwa, mwiba uliokuchoma usiuache juu umchome Muislamu mwingine, unauzika. Nikaendelea kuzunguka, nikarudi kupitia bore kabla haijafunguliwa, nikanawa uso kwenye birika la mifugo, nikaenda nyumbani. Ngamia alikuwa amefika kabla yangu. Ananitafunia tu hivi, ananiangalia kama mimi ndiye nilipotea. Nikalala.

Niliamshwa na mlio. Mkiusikia mara moja hamtauliza tena ni wa nini. Gari la polisi lilikuwa limekanyaga bomu. Dereva, kijana anaitwa Kiprono, ambaye alinifundisha kucheza karata na kunishinda kila siku, alikatwa mguu. Nilimuona akipandishwa kwenye gari lingine. Alikuwa anauliza kama funguo zake ziko.

Nawaambia hii si kwa kujitetea. Nawaambia mjue kwamba siku utakayokosea hutakuwa mlevi wala mjinga. Utakuwa na hasira ya haki.

Nikavaa buti. Tukafika pale karibu saa nne. Barabara imechimbika, mchanga umerushwa, mahali pamebadilika sura. Nikatafuta kando, na mara moja nikaona ndara. Duara, mikia miwili. Wazi kama muhuri wa chifu.

"Inspekta, njoo uone. Hapa amekaa. Hapa ameweka kitu kizito chini, unaona kimeacha duara. Na hapa," nikaonyesha na fimbo, "hapa amechimba na kisu, akafunika."

Inspekta Wafula akachuchumaa. "Na anachechemea?"

"Mzigo. Ameubeba upande mmoja mpaka mguu umechoka."

"Una uhakika, Dakane?"

"Inspekta, mimi si mtu wa utabiri wa mvua."

Mnauliza, hukukumbuka ulikaa hapo? Nilikumbuka nimekaa barabarani, lakini kichwani mwangu ilikuwa chini kabisa, karibu na laga, ule mto mkavu. Nilikuwa nimetembea gizani nusu ya njia. Halafu fikirieni: ndara zangu hazina chapa. Hizi zina chapa. Kwa hivyo si zangu. Hesabu imeisha. Mwalimu wa darasa la tano angenipa alama zote.

Upande wa pili wa barabara sikwenda hata kuangalia. Nilikuwa nimeshapata.

Tukafuata. Jua linapanda, nyayo zinakuwa bapa, mimi naongea tu, nawafundisha askari kazi. Nyayo zikaenda kichakani, zikarudi, zikazunguka kichuguu, zikapanda mahali pa juu zikasimama, zikashuka. Askari mmoja wa kutoka Kitui, jasho linamtiririka, akaniambia, "Mzee, huyu gaidi alikuwa anatafuta nini? Mbona anazunguka kama mtu amepoteza ng'ombe?"

Nikamuonea huruma kwa ujinga wake. "Anatuchanganya," nikasema. "Hawa wamesomea."

Masaa matatu. Nyayo zikatupeleka mpaka bore, kwenye birika, na hapo zikapotea chini ya kwato za mbuzi mia. Na nani amekaa mlangoni pa mashine na mikono ya oili? Siyad.

Inspekta akaniuliza polepole, "Hiyo alama unaijua?"

Hapo ndipo eeddo angeinua fimbo. Kama ningesema, naona duara na mikia miwili, naona mtu anachechemea, mguu namba saba. Hapo tu. Siyad hachechemei. Siyad ana miguu ya ngamia, namba tisa na nusu, kisigino chake kingekanyaga mpaka ukingo. Yote hiyo ilikuwa kwenye mchanga, niliipita masaa matatu.

Nikasema, "Ni chapa ya Gedi. Ndara za kijana wake, huyu."

Siyad akasimama. Hakuogopa mwanzo, alidhani ni mzaha wangu. "Adeer, ndara zangu zilichukuliwa jana msikitini. Muulize mama. Hizi nimevaa si zangu." Akazivua, akazigeuza, akanionyesha chini. Hazina kitu. Laini.

Vijana, zilikuwa ndara zangu. Ameninyooshea ndara zangu mkononi, umbali kama wa kupeana kikombe, na mimi sikuziangalia. Nilikuwa naangalia askari kama wananiangalia. Na nikasema hivi, na ninaandika kama nilivyosema: "Kila mwizi wa kituo hiki, ndara zake ziliibiwa msikitini."

Askari wakacheka. Mimi ndiyo kazi yangu, kuchekesha watu.

Siyad hakucheka. Akaniita mara moja tu tena, "Adeer?" Kama mtu anabisha mlango anaojua kuna mtu ndani. Wakampandisha gari miguu mitupu. Ndara zikabaki pale kwenye oili.

Nikaenda nyumbani nimenyooka. Mlangoni nikainama kuvua buti, na pembeni pale ziko ndara za buluu, moja imelala tumbo juu. Duara. Mikia miwili.

Nikaigeuza ya pili, nayo hivyo hivyo. Halima alitoka na sufuria akanikuta. Akaangalia ndara, akaniangalia mimi, na yeye ni mwanamke hahitaji kufuata nyayo. Habari za bore zilikuwa zimeshafika.

"Tangu jana nakuuliza ni za nani," akasema.

"Nyamaza kidogo."

"Nenda sasa hivi. Gari halijafika mbali."

Sikwenda. Hii ndiyo sehemu ambayo nimeandika nikafuta mara tatu. Nilijiambia, nikisema nyayo ni zangu, basi aliyekaa pale, aliyechimba pale, ni mimi. Nani ataamini hadithi ya mwiba? Mimi mwenyewe niliwasomea kila kitu, nilijifunga kamba nikakaza. Hiyo ilikuwa hofu ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine ndogo, na hiyo ndogo ndiyo ilikuwa na nguvu. Niliogopa kuchekwa. Dakane amejifuata mwenyewe. Nilificha ndara chini ya mikeka ya kupakia ngamia.

Asubuhi ya pili nilirudi barabarani peke yangu, jua likiwa chini, nikakaa vizuri kama nilivyofundishwa. Upande wa pili, ule sikuangalia, kulikuwa na nyayo za watu wawili. Wametoka upande wa mpaka, wamerudi upande wa mpaka. Wazito wakija, wepesi wakirudi. Mtoto angesoma. Upepo ulikuwa umeshaanza kuzila, na wenyewe walikuwa wamepata siku nzima na zaidi. Masaa matatu ya kwanza niliwapa mimi.

Halafu Gedi akaanza kuja. Kila asubuhi baada ya kukamua anakuja kwangu, anakaa mkekani, chai hanywi. "Walaal, ndugu yangu, wewe unajua nyayo. Hao wengine hawajui. Nenda uangalie mara ya pili. Mtu anaweza kukosea."

"Upepo umefuta, Gedi."

"Basi nenda tu uwaambie unamjua huyu kijana. Wewe wanakusikia."

Anakaa mita mbili kutoka kwa ile mikeka. Siku kumi na moja alikuja. Siku ya kumi akaniletea maziwa, akidhani nimekonda kwa ajili ya kijana wake.

Maziwa hayo yalinishinda kumeza. Siku ya kumi na moja nilichukua ndara nikaenda kwa Inspekta Wafula, nikaziweka mezani, nikaeleza, ngamia, mwiba, birika, yote. Nikavua buti nikamuonyesha kidonda cha kisigino. Akaanza kucheka. Halafu akaacha katikati, na ule uso sijawahi kuusahau.

"Ungekuja siku ile ile," akasema, "ningempigia simu dereva ageuze gari."

Sasa kijana alikuwa ameshapelekwa Garissa, na kutoka Garissa Nairobi, na jina lake limeingia kwenye faili. Mtu anaenda haraka, faili linarudi kwa magoti. Inspekta aliandika, mimi niliandika kwa kidole gumba na kwa kalamu, nikahojiwa siku mbili. Mimi wakaniona mzee wa vichekesho tu, wakanirudisha nyumbani. Siyad alikaa ndani miezi saba.

Kwa Gedi nilienda siku ile ile ya ndara, nikitoka kwa Inspekta. Nilimkuta anafunga ndama. Nikamwambia nimesimama, bila utani, mara ya kwanza maishani. Aliendelea kufunga ile kamba mpaka mwisho, akaipima kama imekaza. Akaingia ndani. Hakunitukana. Ningemlipa ngamia anitukane.

Siyad alirudi mwembamba, na alikuwa haweki tena sikio kwa injini. Bore ilikuwa na mtu mwingine. Na hapo, sikilizeni vizuri nyinyi mtakaopewa bunduki, hapo ndipo wale wengine walimkumbuka. Wale watu wa msituni wana pua. Kijana aliyeaibishwa wanamnusa kutoka mbali. Simu zikaanza, namba zisizojulikana, sauti tamu. Wanajua jina langu, wanajua siku, wanajua mpaka ule mzaha nilisema. "Unaona walivyokufanya? Njoo kwetu upate haki." Gedi hakuondoka nyumbani wiki nyingi, anamlinda mtoto wake mwenyewe. Mimi nilikuwa napita mbali, naangalia mchanga wa mlango wao kila asubuhi kama kuna nyayo moja imetoka na haikurudi. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliifanya kwa moyo wote, na hakuna aliyenituma.

Hakwenda. Haikuwa kwa sababu yangu, na haikuwa kwa semina ya vijana ambayo serikali ilileta na soda. Baadaye Halima alisikia kwa mama wa Siyad kijana alichowajibu kwenye simu. Aliwaambia, "Mimi nimekaa ndani miezi saba kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na uhakika. Na nyinyi pia naona mna uhakika." Akavunja laini.

Lakini kituoni pia hakukaa. Alienda Eldas kwa abti yake, kaka ya mama, anatengeneza pampu huko. Wanasema ni fundi mkubwa. Kwetu hajarudi hata kwa sikukuu. Nilimtumia salamu mara tano. Salamu zilifika.

Mimi nikarudisha buti, na magazeti yake ndani. Tukahamia hapa Garissa kwa binti yetu.

Sasa nyinyi mna vitu vingi. Mna ile ndege ndogo isiyo na mtu, inaona mbuzi kwa joto lake. Mna simu zinazosema mtu alikuwa wapi. Mlinionyesha mkaona nitashangaa, nikashangaa. Lakini nilitazama ile picha yenu, doti nyeupe inatembea kichakani, na mmoja wenu, sitamtaja, akasema mara moja, "Huyo ni mmoja wao." Nikasikia fimbo mgongoni. Mimi niliona doti. Inatembea polepole. Inasimama mara kwa mara. Labda inatafuta ngamia.

Angalieni pande zote mbili za barabara. Mtu akiwaonyesha ndara, ziangalieni. Na mkikosea, semeni kabla gari halijafika mbali. Sina kingine. Hiyo ya jua na mende mtajifunza wenyewe.

Mwaka huu Gedi alikuja Garissa kuuza mbuzi sokoni. Sikujua. Ijumaa natoka msikitini, watu wamesongamana mlangoni, mimi nimesimama nangoja wapungue, kwa sababu siku hizi sivai mpaka nigeuze na kuangalia chini. Nikaona akala za tairi pembeni, nikazijua kabla sijamuona mwenyewe. Alikuwa nyuma yangu, ndevu zimekuwa nyeupe. Zaidi ya miaka miwili hatujaongea. Tulisimama hivyo mpaka watu wote wakaisha, na pale chini zikabaki jozi mbili, zangu na zake, ambazo hata kipofu angezitenganisha.

Gedi akainama akaziangalia. Halafu akasema, "Vaa wewe kwanza, Dakane. Mimi nitachukua zitakazobaki."